Sir George Beatson, daktari aliyetufundisha kuinyima saratani ya titi chakula chake

Wiki hii tunazungumzia vidonge vya kuzuia homoni, vile ambavyo mgonjwa wa saratani ya titi iliyosambaa hupewa ameze kila siku, mwezi baada ya mwezi. Hapa kwetu Songwe swali ninalokutana nalo zaidi ni kwa nini mtu aendelee kumeza dawa ilhali maumivu yamepungua, uvimbe umenywea na nguvu za kwenda sokoni zimerudi. Wapo ambao hata hawaulizi. Huacha kimyakimya, na tunapoonana tena mgongo unauma na pumzi ni ya shida.

Jibu la swali hilo nimelikuta katika maisha ya daktari mmoja wa Scotland aliyefariki mwaka 1933, kabla kidonge chochote cha aina hii hakijatengenezwa. Anaitwa George Thomas Beatson. Ukimfahamu yeye na mgonjwa wake wa mwaka 1895, utaielewa dawa iliyo mkononi mwako kuliko nikikusomea karatasi iliyomo ndani ya boksi.

Mtoto wa daktari wa jeshi

Beatson alizaliwa Mei 31, 1848, mjini Trincomalee katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni nchi ya Sri Lanka. Baba yake alikuwa daktari katika jeshi la Uingereza. Kijana alisoma Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akasomea udaktari Edinburgh na kuhitimu mwaka 1874.

Alibahatika kufanya kazi chini ya Joseph Lister, daktari wa upasuaji aliyeanzisha utaratibu wa kuua vijidudu kwenye vidonda na vyombo vya upasuaji. Kabla ya Lister, wagonjwa wengi walipona kisu wakafa kwa usaha. Kwa mwalimu huyo Beatson alijifunza kupasua kwa usafi, na pia kutazama jambo kwa makini kabla ya kuliamini.

Somo kutoka kwa kondoo

Mwaka 1876 Beatson alipewa kazi ya kumhudumia mgonjwa wa akili aliyeishi mashambani, magharibi mwa Scotland. Mgonjwa alikuwa mmoja tu, kwa hiyo daktari alibaki na muda mwingi. Aliutumia kuandika utafiti wake wa shahada ya juu ya udaktari, na mada aliyoichagua ni jinsi maziwa yanavyotengenezwa kwenye titi.

Jirani na hapo kulikuwa na wafugaji wa kondoo. Beatson alitazama wanavyowaachisha wana-kondoo kunyonya na kinachotokea kwenye chuchu za mama. Alijifunza pia kwamba katika nchi nyingine wafugaji waliotaka ng'ombe aendelee kutoa maziwa kwa muda mrefu baada ya kuzaa walikuwa wakimwondoa ovari, yaani vile vifuko viwili vya mayai vilivyo kando ya mfuko wa uzazi.

Wewe uliyekulia kwenye mifugo, Momba au Mbozi, utaona haraka kilichomshangaza. Ovari ziko tumboni, titi liko nje, na hakuna mshipa wa fahamu unaojulikana kuviunganisha kwa kazi hiyo. Iweje ukigusa kimoja, kingine kibadilike? Beatson aliona kwamba ovari ndizo zinazoliamuru titi. Akaona pia kwamba chembe za titi linalotengeneza maziwa huongezeka kwa wingi, kama zinavyoongezeka chembe za saratani, ila za maziwa huwa na mwisho na za saratani hazina. Basi akajiuliza kama amri ya ovari ndiyo pia inayoisukuma saratani ya titi.

Kumbuka kwamba neno homoni lilikuwa halijatumika. Lilianza kutumiwa mwaka 1905. Leo tunajua kwamba amri ile hupita ndani ya damu, na tunaiita estrojeni.

Mama wa miaka 33

Baada ya masomo Beatson alihamia Glasgow, mji wa viwanda na meli. Miaka ya 1890 alianza kufanya kazi katika hospitali ya saratani ya mji huo, na baadaye akaiongoza. Hapo ndipo, Mei 1895, alipoletewa mwanamke wa miaka 33, mama wa watoto wawili. Alikuwa amekwisha kukatwa titi, lakini ugonjwa ulikuwa umerudi kifuani na kusambaa kiasi kwamba kisu hakikuweza tena kuumaliza.

Kwa wakati ule, mgonjwa kama huyo alipewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani. Beatson alimweleza mama huyo wazo lake. Juni 15, 1895 alimpasua tumbo na kuziondoa ovari zote mbili. Titi na kifua hakuvigusa.

Wiki zilipopita, uvimbe ulianza kulainika na kunywea. Baada ya miezi minane, daktari hakuona tena dalili za saratani kifuani. Mwaka 1896 Beatson aliwasomea madaktari wenzake wa Edinburgh taarifa yake, kisha ikachapishwa katika jarida la The Lancet. Miaka hiyohiyo Wajerumani walikuwa wanajenga hospitali yao ufukweni Dar es Salaam, ile ambayo leo ni Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Mambo mawili ya kweli

Sasa, msomaji wangu, fika hapa usikilize vizuri, maana hapa ndipo penye jibu la swali letu.

Jambo la kwanza ni kwamba tiba ile haikumsaidia kila mtu. Madaktari wengine wa Uingereza walianza kuondoa ovari za wagonjwa wao, na mwaka 1900 matokeo yalipokusanywa ilionekana kwamba takriban mmoja kati ya watatu ndiye aliyepata nafuu. Hakuna aliyejua kwa nini. Sababu ilikuja kueleweka miongo mingi baadaye: baadhi ya saratani za titi zina vipokezi vya homoni, na nyingine hazina. Kipokezi ni kama kitasa, na estrojeni ni ufunguo. Saratani isiyo na kitasa haijali kama ufunguo upo au umetupwa.

Ndiyo maana kabla ya kuanza vidonge hivi, kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kinatakiwa kupimwa vipokezi vya homoni. Una haki ya kuuliza majibu ya kipimo hicho na kuandikiwa kwenye cheti chako. Usikubali dawa ya jirani kwa sababu naye ana saratani ya titi. Magonjwa yenu yana jina moja lakini huenda hayana kitasa kimoja. Na wanaume wasome pia: saratani ya titi huwapata, na mara nyingi ya kwao ina vipokezi hivi.

Jambo la pili ni kwamba yule mama wa Glasgow hakupona moja kwa moja. Saratani ilirudi, naye akafariki karibu miaka minne baada ya upasuaji. Beatson hakuuficha ukweli huo wala hakutangaza kwamba amepata dawa ya kumaliza saratani. Alichokuwa amekipata ni njia ya kuinyima saratani chakula chake ili ilale.

Saratani iliyosambaa ikilala, mgonjwa anakula, anatembea, analima bustani yake na kulea watoto. Lakini iliyolala inaweza kuamka. Kidonge unachomeza leo kinafanya kazi ileile ya kuinyima chakula, na hufanya hivyo siku unayokimeza. Kwa mwenye saratani iliyokutwa mapema, dawa hizi hutolewa kwa muda maalumu, kwa kawaida miaka 5 hadi 10. Kwa mwenye saratani iliyosambaa, huendelea kumeza kwa muda wote ambao dawa inafanya kazi, na daktari ndiye anayeamua kubadilisha pale vipimo vinapoonyesha kwamba saratani imeamka. Kujisikia vizuri ni ushahidi kwamba dawa inafanya kazi. Hakumaanishi kwamba kazi imekwisha.

Kutoka kisu hadi kidonge

Beatson hakuwahi kukiona kidonge hicho. Mwaka 1962, karibu miaka 30 baada ya kifo chake, wanakemia wa kampuni ya ICI huko Uingereza walitengeneza dawa ambayo leo kwenye boksi utaiona imeandikwa Tamoxifen. Walikuwa wanatafuta dawa ya kuzuia mimba. Kwa wanawake mambo yakawa kinyume: iliweza kuyaamsha mayai badala ya kuyazuia. Mwaka 1971 zilichapishwa taarifa za kwanza za wagonjwa wa saratani ya titi iliyosambaa waliotibiwa nayo, na mwaka 1973 ikaruhusiwa Uingereza kwa ugonjwa huo.

Historia hiyo ina onyo kwa kina mama vijana. Tamoksifeni inaweza kuvuruga au kusimamisha hedhi, lakini haizuii mimba, na mimba ikitunga wakati unaimeza mtoto anaweza kudhurika. Kwa hiyo tumia kinga isiyo na homoni, yaani kondomu au kitanzi cha shaba. Usitumie vidonge vya majira, sindano wala vipandikizi bila idhini ya daktari wa saratani, kwa sababu vinaingiza mwilini homoni za aina ambayo tunajaribu kuzizuia. Usinyonyeshe ukiwa kwenye dawa hii. Ukitamani mtoto, zungumza na daktari kwanza, kwani hata baada ya kuacha dawa kuna miezi ya kusubiri.

Tamoksifeni huziba kitasa, na inaweza kumezwa na mwanamke anayepata hedhi na hata aliyekoma. Kwa kawaida ni miligramu 20 kwa siku. Anastrozoli na letrozoli hufanya kazi nyingine: huzuia mwili usitengeneze estrojeni nje ya ovari. Hizo ni za mwanamke aliyekoma hedhi. Mwanamke ambaye ovari zake bado zinafanya kazi akizimeza peke yake hazitamsaidia. Ni lazima kwanza ovari zinyamazishwe, ama kwa sindano kama goserelini, ambayo huchomwa kila siku 28, ama kwa kuziondoa kama alivyofanya Beatson. Upasuaji huo bado unafanyika hadi leo, na kwa anayeishi mbali na kliniki ya sindano unaweza kuwa chaguo zuri. Muulize daktari wako.

Kumeza salama ukiwa Tunduma

Chagua saa moja ya siku uizoee, kwa mfano ukimaliza kunywa chai ya asubuhi. Ukisahau na ukakumbuka siku hiyohiyo, meza. Ukikumbuka kesho yake, meza cha siku hiyo tu, usiviunganishe viwili. Usikate kidonge nusu ili dawa ifike mwisho wa mwezi. Nusu ya dawa si nusu ya kinga. Kama tatizo ni fedha, sema. Hospitalini kuna ofisi ya ustawi wa jamii, na kazi yake mojawapo ni kuwasikiliza wasio na uwezo.

Mji wetu uko mpakani. Ukivuka geti uko Nakonde, Zambia, na watu hununua dawa pande zote mbili. Hapo pana hatari mbili. Ya kwanza ni dawa moja yenye majina mawili ya kibiashara: mtu anameza ya boksi la bluu na ya boksi jeupe akidhani ni tofauti, kumbe zote ni tamoksifeni. Soma jina halisi la dawa, lile dogo lililo chini ya jina la kampuni. Ya pili ni vidonge vilivyopangwa juani mezani au kuuzwa kwa kuhesabiwa bila boksi. Nunua kwenye duka la dawa lenye kibali, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na ukilitilia shaka boksi mwonyeshe mfamasia wa hospitali.

Usisubiri hadi ubaki na kidonge kimoja. Kutoka Tunduma hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 100, na hadi Dar es Salaam ni zaidi ya 900. Panga safari ya dawa wiki mbili kabla hazijaisha. Ukiwa ndani ya basi, usikae umekunja miguu siku nzima. Shuka kila linaposimama, tembea, kunywa maji, kwani tamoksifeni huongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu.

Mwambie daktari kila dawa unayotumia. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya dawa hizi. Baadhi ya dawa za sonona, kama fluoksetini na paroksetini, huizuia tamoksifeni kubadilishwa mwilini iwe na nguvu kamili. Anayetumia wafarini ya kuyeyusha damu anaweza kutokwa na damu nyingi akichanganya na tamoksifeni. Taja dawa za ARV, na usione haya kutaja mitishamba. Hatuulizi ili tukugombeze.

Na wazazi, wekeni vidonge hivi juu, mahali ambapo mtoto hafiki. Mtoto haoni dawa ya saratani, anaona pipi.

Dalili za kukimbilia hospitali

Beatson hakuwa mtu wa saratani pekee. Mwaka 1882 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha huduma ya kwanza na magari ya wagonjwa cha Scotland, na baadaye aliongoza Msalaba Mwekundu wa huko. Alitaka mtu wa kawaida ajue afanye nini kabla daktari hajafika. Basi nasi tufuate nyayo zake.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona mguu mmoja umevimba na kuuma, hasa kwenye shavu la mguu, au ukibanwa pumzi ghafla au ukichomwa kifuani, maana huenda damu imeganda. Mwanamke aliyekoma hedhi akiona damu ukeni, hata tone, aje apimwe mfuko wa uzazi. Macho yakianza kuona ukungu, sema.

Saratani ikiwa imefika kwenye mifupa, maumivu yanaweza kuongezeka katika wiki za kwanza za dawa na baadaye kutulia. Omba dawa ya maumivu, usiache kidonge. Lakini ukipata kiu isiyoisha, mkojo mwingi, choo kigumu, na usingizi au kuchanganyikiwa, huenda madini ya kalsiamu yamepanda kwenye damu. Hiyo ni dharura. Mgongo unaouma pamoja na miguu kuishiwa nguvu au kushindwa kuzuia mkojo nao ni dharura. Usilale nyumbani hadi kesho.

Joto la ghafla, jasho la usiku, na maumivu ya viungo kwa wanaomeza anastrozoli au letrozoli ni maudhi ya kawaida. Dawa hizi mbili hupunguza pia uimara wa mifupa, hivyo tembea kila siku kadiri ya uwezo na uliza kuhusu kalsiamu na vitamini D. Maudhi yakizidi, njoo tuzungumze. Mara nyingi tunaweza kuyapunguza au kubadilisha dawa. Tusichoweza ni kumsaidia mtu ambaye ameacha na hakutuambia.

Alichowaachia watoto wawili

Mwaka 1907 Beatson alipewa cheo cha heshima cha Sir. Alifariki Februari 16, 1933 akiwa na miaka 84. Miaka 20 baadaye hospitali yake ilipewa jina lake, na hata sasa kituo kikubwa cha saratani cha Glasgow kinaitwa Beatson.

Lakini mimi nikimkumbuka, huwafikiria zaidi watoto wawili wa yule mama. Mwaka 1895 mama yao hakuwa na tiba nyingine. Kwa sababu daktari mmoja alitazama kondoo kwa makini, walikaa na mama yao karibu miaka minne zaidi. Hizo ni sikukuu kadhaa, magonjwa kadhaa ya utotoni yaliyouguzwa na mkono wake, na mambo mengi aliyowafundisha kwa kinywa chake.

Yeye alipata upasuaji mmoja na hakuwa na cha pili. Wewe una kidonge, na kikichoka zipo dawa nyingine za kujaribu baada yake. Kwa hiyo, kama umekiacha kwa sababu umejisikia vizuri, usione aibu. Chukua cheti chako na vidonge ulivyobakiwa navyo, uende kliniki wiki hii, umwambie daktari ukweli ni lini uliacha. Hapo ndipo mnapoanzia tena.

Tukutane wiki ijayo, inshallah.